Tandere Tatu ya Mashua ya Openji

Tangu nirudi, siwezi kufika ku kisima bila mutu kunishika mukono. “Muzee Lobho, uliaga ya kwenda Iga Barrière kununua kachuma kamoja, kurudi magaribi. Ukapotelea wapi?” Nimesimulia vipande tu, huyu nikamupa kichwa, ule nikamupa mukia, na sasa nasikia hapa Bigo, mutaa yetu ya Bunia, kuna habari yenye hata mie mwenyewe siijue: eti nilioa ku Ariwara, eti nilifungwa jela juu ya ngombe ya mutu. Basi naandika yote mara moja. Masomo yangu iliisha mwaka ya pili ya primeri, juu mwalimu alikuwa anapenda sana kutupeleka mu shamba yake. Mwenye kusoma avumilie, na mwenye kujua asomee wengine. Muelewe kwanza kitu kimoja: sikuenda kutembea. Nilienda juu mashua ya dada yangu isikatwe mbao.

Kuteremuka Kasenyi

Dada yangu mudogo ni Roza. Mu karatasi iko na jina ingine, tangu majina ya wazungu ikatazwe, lakini mama alimwita Roza na mie siwezi kubadilisha kinywa ya mama. Aliolewa na Mualur moja, Openji, mutu ya ziwa, mutu ya kucheka, mwenye kusema “iko sawa” hata nyumba ikiwaka moto.

Openji iko na mashua. Haiko mutumbwi kama ya wengine. Ilikuwa ya muzungu moja mwenye kahawa huku juu. Kila jumapili, siku ya Mungu, alikuwa anashuka ku ziwa, anafungua kile kitambaa kikubwa, tanga, na upepo inamutembeza juu ya maji mpaka jua inashuka. Haleti hata samaki moja. Watu ya Kasenyi walikuwa wanamuhurumia. Kisha biashara ya wageni ikachukuliwa na serikali, muzungu akaenda kwao, mashua ikabakia mu kibanda, kuku zikatagia ndani. Namna gani Openji aliipata, ile ni mambo ya makaratasi, naruka. Watu wakamucheka. Lakini esanse ilipoanza kukosekana, mitumbwi ya motere ikalala ku muchanga, na Openji akawa anapita mbele yao na tanga yake, mashua imejaa samaki ya chumvi ya Roza, wanaenda soko ya Tchomia, siku zingine mpaka Mahagi-Port. Kicheko ikaisha.

Ile muti ya katikati yenye kubeba tanga, mulingoti, inashikwa na waya tatu: moja mbele, moja kila upande. Chini ya kila waya kuna tandere. Kwa wenye hawajaona tandere: ni chuma yenye tumbo refu, wazi mu katikati, na visi mbili, vyuma vya kuzunguka vyenye meno, moja inaingilia juu, moja chini. Moja inazunguka kuume, ingine kushoto. Ukizungusha tumbo, visi zote mbili zinaingia pamoja na waya inakaza, ukigeuza, inalegea. Ile ni akili kubwa! Mie nilishika tandere ya kwanza nikiwa kijana, ku Fataki, tukifunga waya ya lupango, boma ya ngombe, na siku ile nilizungusha, nikarudisha, nikazungusha, mpaka kapita, musimamizi yetu, akanifukuza kazi mpaka kesho yake.

Basi tandere moja ya Openji ilivunjika, upepo ikiwa kali. Mulingoti ikamuangukia, ikamuvunja bega. Roza alikuwa mu mashua.

Habari ilinifikia Bunia, nikateremuka. Nilipofika Kasenyi, Openji alikuwa anakaa mulangoni, mukono imefungwa na kitenge.

“Shemeji, iko sawa,” akaniambia.

“Nyamaza,” Roza akasema, kisha akanigeukia mie kaka yake. “Yaya, usimusikilize. Mie nimekwisha kuita Batsi, mutu ya musumeno kule Bogoro. Ile mbao ni nzuri, itatoa milango na vitanda. Anakuja kisha ya Pentekote.”

“Mashua ndiyo inakulisha, Roza.”

“Mashua ilitaka kunifanya mujane. Kazi gani ya kulisha mujane?” Akakamata kisu, akaanza kupasua samaki moja ya kapiteni, kubwa sawa mutoto, na mie nilijua iko analia, juu hakuwa anaangalia samaki. “Openji atarudishia chuma yoyote, atasema iko sawa. Weye ulifunga waya ya ngombe miaka mingi. Weye mwenyewe ukichagua machuma, uweke kwa mukono yako, mulingoti isimame, nitamurudisha Batsi. Akifika akute haisimame, anakata. Nimekwisha kumupa neno.”

Openji alitaka kusema kitu. Mukewe akamuangalia.

Tukakula ile kapiteni na bukari, ugali yetu, kisha nikaenda kuangalia. Tandere yenye ilivunjika ilinishangaza. Pale pa kuvunjikia, nusu ilikuwa nyeusi, nusu inametameta. Ni kusema haikuvunjika siku ile. Ilianza zamani, ikanyamaza, kila mara inapasuka kidogo, mpaka kale kanusu kenye kalibakia kakachoka. Nikachukua zile zingine mbili zenye zilikuwa bado nzima. Nikazisugua na muchanga, nikapitisha kucha. Kucha ikakwama. Nazo zilikuwa zinaanza.

“Tatu zote zinatoka,” nikamuambia Openji.

“Lakini hizi mbili, shemeji…”

“Nitamuita Roza.”

“Tatu,” akasema.

Bunia, duka ya vyuma

Nikarudi Bunia na ile yenye imevunjika mu kitambaa. Mwenye duka ya vyuma, pale karibu na soko, aliniletea mara moja tandere mbili za lupango: mupya, nene kuliko ya muzungu, na ku kila ncha hakuna tundu, kuna ndoano. Nikafurahi sana, nikazilipa. Mie napenda ndoano. Siye watu ya ngombe tunajua: waya ya lupango lazima ifunguke mbio. Ngombe akikwama, ama ngombe ya jirani ikiingia kwa yako, unalegeza kidogo, unatoa ndoano, wanapita, unarudisha. Tandere bila ndoano ilikuwa kwangu sawa mulango bila mukono.

Mwenye duka akaniambia ya tatu haiko, nitafute kwa mutu moja ku Iga Barrière, anauzishia watu ya ngombe. Njo vile niliwaaga asubuhi, na kile nilisema kilikuwa kweli: naenda Iga, narudi magaribi.

Iga Barrière

Nilipanda kamyo ya Kasereka, shofere Munande ya Butembo, mwenye kubeba vitunguu na viazi vya mbala mpaka Ariwara. Mutu munene, anaimba wimbo ya kanisa ku kila mupando, na ku kila mutelemuko anaacha kuimba juu ya kusikiliza freni. Mie nilikaa juu ya magunia pamoja na mama wawili na mbuzi.

Barabara munaijua. Mashimo inashika mukono na mashimo. Gunia zilikuwa zimefungwa na munyororo, na ku munyororo, angalia nini? Tandere za ndoano, sawa zangu kabisa. Nikaziangalia na moyo ya kirafiki. Mu shimo moja, kamyo ikaanguka chini, gunia zikashuka pamoja, munyororo ikalegea muda ya kufumba jicho, na ndoano ikatoka yenyewe. Haikuvunjika! Ilitoka tu, sawa mutu anayeaga. Gunia tatu za vitunguu zikaenda mu mufereji, mbuzi ikafuata.

Tukashuka wote kuokota. Kasereka alikuwa na hasira.

“Hizi tandere zenu za ngombe! Ikivutwa, inashika. Ukiiacha kidogo tu, inakusaliti.”

“Mbona unazitumia, papa?” nikamuuliza.

“Juu sikuwa na zingine, muzee! Weye unavaa ile kofia juu iko nzuri?”

Wamama wakacheka mpaka moja akakaa juu ya vitunguu. Mie sikucheka. Nilikuwa nafikiri ziwa. Waya ya lupango inavutwa muchana na usiku, hailale. Na waya ya mulingoti je? Nikamuuliza Kasereka, sawa mutu mwenye kuuliza habari ya jirani: “Kama kitu inavutwa upande huu, kisha upande ule, waya ya upande ingine inakuwa namna gani?”

“Inalegea. Si umeona?”

“Na ndoano?”

“Muzee, umekamata kitunguu yangu mu mukono, unauliza tena?”

Ku Iga, mutu ya tandere hakuwako, alienda matanga. Tukala maharagi na mandazi kwa mama moja mwenye kupika chini ya hema, tukamungoja. Alipofika, alikuwa nayo ile ya tatu, ya ndoano, ndugu ya zangu mbili. Akaiweka mbele yangu. Nilikuwa nimepata kitu chenye nilikuja kutafuta. Kurudi Bunia ilikuwa mwendo mufupi, mungeniona ku misa ya magaribi. Nikaishika, nikaizungusha. Nikamurudishia.

“Ina nini?” akauliza.

“Haina kitu. Ni mie niko na kitu.”

Kasereka akanisikia. Akaniambia ku Ariwara kuna mama moja mwenye kuuzisha machuma ya kila namna, zenye watu wanaleta kutoka ng'ambo mbili, Uganda na Sudani. Kama kuna tandere za kufungwa, zenye hazina ndoano, ziko kwake. Nikamuangalia yule mama ya maharagi, nikamupa habari ya kuwaletea hapa Bigo. Habari ile haikufika. Alisema alimupa mutu ya baiskeli. Basi.

Fataki, matope

Mpaka Fataki ilikuwa vizuri. Kisha mvua. Kamyo tatu zilikuwa zimekwama mbele yetu mu udongo mwekundu, ya kwanza yao ilikuwa imezunguka, ikafunga njia sawa mulango. Tukalala pale, na asubuhi tukaendelea kulala.

Baridi ya Fataki munaijua wenye mulifika. Nilikuwa nimevaa shati ya kwenda na kurudi. Mama moja ya pale, mwenye ngombe, aliona muzee anatetemeka, akanileta jikoni, akanipa maziwa ya kuganda mu kibuyu na mbala ya kuchoma mu majivu. Akaniuliza naenda wapi. Nikasema natafuta chuma ya mashua. Akaniangalia kwa huruma, akaangalia milima, akaangalia ngombe zake.

“Baba, ziwa iko nyuma yako,” akasema polepole, sawa anasema na mutu mwenye homa.

“Najua, mama.”

“Unaiacha kila siku inabakia mbali.”

“Najua.”

Akaniongezea maziwa. Nilipotoka nikasikia anaambia bwana yake: “Ule muzee apelekwe kwao.” Bwana yake akanifuata mpaka ku kamyo, akamuomba Kasereka anichunge. Kasereka akamuapia. Tangu pale mpaka Aru, kila mara nikishuka kukojoa, anapaza sauti: “Muzee, ziwa iko upande huu!”

Ariwara, ngombe ya mutu

Sasa habari ya ngombe. Nasema ukweli yote.

Soko ya Ariwara ni kubwa, inakuzungusha kichwa. Lugha tano mu duka moja. Nilikula pale bukari ya muhogo na samaki mukavu mu simsim, na nikalamba sahani juu ya ile simsim. Mwenye kwenda kule asiache kula.

Mwenye machuma ni Mama Ayikoru, Mulugbara, mutu ya kutafuna karanga na kusema pamoja. Machuma yake iko chini juu ya turubai: minyororo, magurudumu, vyombo vya simu, kitanda ya hospitali. Nikamuonyesha tandere ya muzungu yenye kuvunjika.

“Ni ya nini?” 

“Ya mashua.”

“Mie siijue mashua. Lakini ndugu za hii ninazo. Chagua mwenyewe, ukikosea usirudi.”

Tukapata namna mbili zenye hazina ndoano. Ncha yao iko sawa mudomo wazi, waya inaingia mu mudomo, unapitisha musumari munene mu tundu, unafunga. Hata waya ikilegea, haitoke. Namna ya kwanza ilikuwa inametameta sawa kijiko ya harusi, haina hata tone ya kutu. Namna ya pili ni ya rangi ya jivu, mbaya, nzito, imepakwa zinki. Roho yangu ilienda kwa yenye kumetameta. Mama Ayikoru akaona.

“Hiyo njo wakubwa wanachukua.”

“Inashika kuliko hii?”

“Nitajuaje? Mie naziuzisha, sizivute.”

Kuvuta. Hapo njo wazo ikaniingia. Chuma siwezi kuijua kwa macho. Na upepo haiko ku Ariwara. Lakini nyuma ya soko kuna pahali pa ngombe, na kitu chenye kuvuta, kulegeza, kuvuta tena kwa nguvu bila kukuaga, mie nakijua tangu utoto: dume yenye imefungwa kwa mara ya kwanza.

Nikaomba Mama Ayikoru nizichukue. Akanifuata na karanga zake juu nisikimbie. Kulikuwa kijana moja na dume nyeusi, kali, imefungwa ku muti na kamba. Nikamuomba niweke chuma yangu mu katikati ya kamba na muti. Akakubali mbio, na sikujiuliza mbona anakubali mbio vile. Nikafunga ile yenye kumetameta. Dume ikavuta, ikarudi, ikaruka. Watu wakaanza kuja. Kijana akafungua kinywa ya dume, akawaonyesha meno: “Baba hii iko anaijaribu! Mutu mwenye kujua ngombe! Hamujaona mutu anajaribu dume namna hii!” Mie niko nainama, sikio ku tandere. Mwingine akauliza, “Anasikiliza nini?” Mwingine akajibu, “Ku Bunia njo vile wananunua.”

Nikaitoa, nikaizungusha. Haikuzunguka. Nikaipa Mama Ayikoru, akazungusha mpaka karanga zikamwangukia. Visi ilikuwa imeuma ndani, chuma imeshikana na chuma, haiendi mbele, hairudi. Haikuvunjika, hapana. Lakini tandere yenye haizunguke ni fimbo tu.

Nikaweka ile ya jivu. Nilikuwa nimeomba mafuta ya ngombe kwa mama moja, nikapaka visi yake kwanza, sawa tulivyokuwa tunafanya ku Fataki. Dume ikakasirika zaidi, juu ilikuwa imechoka na siye wote. Ikavuta mpaka muti ikatetemeka. Nikaitoa. Ikazunguka na kidole moja! Nikaangalia musumari wake: haukupinda. Nikapitisha kucha: haikukwama.

“Njo hii!” nikapaza sauti.

Watu wakapiga makofi. Kijana akanishika mukono kwa nguvu: “Umechukua! Wote wameona, umechukua!” Hapo nikaelewa. Alikuwa ananiuzia dume tangu mwanzo. Nikamuambia nilikuwa nataka kamba yake tu. Akakasirika: “Umechezea ngombe yangu mbele ya soko nzima, sasa kila mutu atasema muzee ya Bunia ameikataa, iko na ubaya!” Na alikuwa na haki. Mama Ayikoru njo aliniokoa. Alisimama juu ya jiwe, akasema kwa Kilugbara maneno murefu, watu wakacheka sana, na mutu moja mwenye koti akaanza kuuliza bei ya dume.

“Umewaambia nini?” nikamuuliza.

“Nimesema muzee anataka dume hii juu ya kuivutisha mashua ku ziwa, na mie nimemukataza, ni haya kuua dume nzuri vile.”

Njo ile habari ya kufungwa juu ya ngombe. Sikufungwa. Na kumuoa Mama Ayikoru, munisamehe, aliniambia mwenyewe hapendi mwanaume mwenye kusikiliza machuma.

Tandere za jivu zilikuwa nyingi lakini sawasawa mbili tu. Zingine visi zilikuwa zimeliwa. Ya tatu ilikuwa namna moja nazo, ndefu zaidi. Nikafikiri, waya ya mbele iko peke yake, haina ndugu ya kulingana naye, ndefu itaenda pale. Tukabadilisha na ndoano zangu mbili, nikaongeza kidogo, akaniongezea karanga.

Barrière kisha ya Aru

Kurudi, askari moja ya barrière, kizuizi ya barabara, akafungua kifurushi yangu.

“Sitwayeni, oyo nini?” Ni kusema, raia, hii nini? Akashika tandere, akaangalia mu tundu sawa anaangalia mu bunduki. “Pièce, kipande ya silaha?”

“Hapana, kamanda. Ni ya kukaza waya.”

“Waya gani?”

Maneno ya mashua nilikuwa nayo ku kinywa, lakini nikakumbuka mama ya Fataki. Nikaona waya ya barrière yao imelala chini, mbuzi zinapita juu yake. Nikaifunga tandere moja pale, nikazungusha. Waya ikapanda, ikasimama, ikalia. Askari akafurahi sana! Akaita mwenzake. Wakaipiga na kidole, wote wawili.

“Vizuri, muzee. Acha hapa.”

Mbili haisimamishe mulingoti. Nikafikiri Kasereka anawasha motere, kumbe alikuwa anasali. Nikamuambia askari: “Kamanda, hii itaibiwa na wapita njia. Nikufanyie yenye haiibiwe.” Nikakamata fimbo, nikakunja waya mara mbili, nikapitisha fimbo, nikazungusha mpaka ikakaza, nikafunga fimbo na kamba. Ile ni kazi ya lupango ya masikini, kila muchungaji anaijua. Ikalia sawasawa. Askari akaangalia fimbo, akaangalia tandere yangu, akanirudishia na sura ya mutu mwenye kushinda.

Kasenyi, mbele ya musumeno

Nikapita Bunia bila kushuka, munisamehe, juu Pentekote ilikuwa imekwisha pita. Nilipofika Kasenyi, Batsi alikuwa amekwisha fika. Alikuwa anakaa juu ya mutumbwi, musumeno ku magoti, anakula samaki ya Roza.

“Tulikungoja asubuhi yote, yaya,” Roza akasema. “Ule mutu hawezi kukaa hapa kila siku.”

“Acha nimalize kula, mama,” Batsi akasema. “Yeye afanye yake.”

Openji, kwa mukono moja, na jirani wawili wakasimamisha mulingoti. Nikaweka tandere kwa mukono yangu, ndefu mbele, mbili za sawa ku pande, misumari mu midomo, mafuta mu visi. Nikakaza. Nikapiga waya na kidole, ikasema kidogo. Nikakaza tena. Sasa musikilize hii, juu ni hapa nilitaka kuharibu kila kitu. Siye, waya yenye hailie haijafungwa. Kapita alikuwa anapita ku lupango yote na kafimbo, ting, ting, ting, na yenye haisemi ting, unaanza upya. Basi nikakaza mpaka waya tatu zikalia wimbo moja. Nilikuwa nasikia utamu. Watu ya Kasenyi walikuja kusikiliza.

Tukasukuma mashua mu maji. Openji akapanda, mie nikapanda, na mie niseme ukweli, sijui kuogelea. Tukakaa. Miguu yangu ikasikia baridi.

“Openji, kuna maji.”

“Iko sa…” Akaangalia chini. Maji ilikuwa inaingia mu mwanya ya mbao, sawa jasho kwanza, kisha sawa machozi.

“Yaya!” Roza akalia ku muchanga. “Yaya, toka! Batsi, simama!”

Batsi akapanguza mikono.

Nikashika waya. Ilikuwa ngumu sawa chuma ya reli. Nikaangalia mulingoti kutoka juu mpaka chini, na nikaiona, sawa mutu amenifungulia dirisha: nguzo ya lupango inasimama mu udongo, unaweza kuivuta unavyotaka, dunia yote inaishika. Hii inasimama juu ya tumbo ya mashua. Waya tatu zinavuta chini, mulingoti inasukuma chini. Nilikuwa napigilia ile muti mu mashua ya dada yangu sawa musumari.

“Ngoja!” nikapaza sauti. Nikazungusha kurudisha, mbele, kuume, kushoto, kidogo kwa kila moja, mie na mafuta ya ngombe mpaka ku kiwiko. Tandere zikarudi na kidole moja. Zile zenye kumetameta zingekataa, na hadithi ingeishia pale. Waya zikaacha kulia. Mbao zikafunga midomo polepole. Openji akatoa maji na sufuria, tukaangalia chini, tukangoja. Hayakurudi.

“Sasa tanga,” nikasema.

“Shemeji, na weye ndani?”

“Nilichagua mie.”

Upepo ikashika. Mashua ikalala upande, moyo yangu ikalala na yenyewe. Waya ya upande ya upepo ikakaza yenyewe, ngumu. Na ile ya upande ingine ikalegea, ikaanza kucheza hivi na hivi. Mukono yangu ikaenda kuikaza, sikuituma. Miaka yote ya lupango ilikuwa mu ile mukono.

“Iache,” Openji akasema.

“Inalegea!”

“Tukigeuka, itashika hii, ile ingine italala. Iache, shemeji.”

Nikaiacha. Nikakaa juu ya mukono yangu. Tukageuka, na ikawa sawa alivyosema: yenye kulala ikaamuka, yenye kukaza ikapumuzika, na musumari mu mudomo haukutikisika. Tukaenda mbali mpaka nyumba za Kasenyi zikawa ndogo, tukarudi. Nikapitisha waya mwembamba mu tumbo ya kila tandere na mu visi, nikaikunja, juu isijifungue yenyewe.

Roza akaingia mu maji mpaka magoti. Akagusa tandere moja moja, akapitisha kucha, sawa alivyoniona nafanya. Akafika kwa yenye kulegea, akaitikisa.

“Hii haikazi.”

“Nilikaza zaidi, maji ikaingia, uliona. Inatakiwa namna hii.”

Akaangalia mulingoti mpaka juu. Ku muchanga, nyuma yake, vitunga vya samaki ya chumvi vilikuwa vimekaa tangu Openji avunjike bega, vinangoja soko. Akageuka.

“Batsi, ulikuja na mikono ama na musumeno tu? Weka ile kitu chini, ushike kitunga.”

Batsi akaangalia mashua, akaangalia Roza, akaweka musumeno juu ya muchanga. Akabeba kitunga ya kwanza, mie nikapokea, Openji akapanga kwa mukono moja. Kitunga ya mwisho ilipoingia, Roza akakunja kitenge yake, akapanda, akategemeza mugongo ku mulingoti.

“Twende Tchomia,” akasema.